Mama Anaanza Tena Mwanzo

Kila jioni mama aliporudi kazini, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuvua viatu mlangoni na kuitazama mikono yake mbele na nyuma, kama mtu anayekagua mali iliyorudishwa. Ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja kwa maji, sabuni na mvuke wa pasi. Alikuwa mmoja wa wasimamizi wa kiwanda cha kufulia, kile kilicho nyuma ya soko, kinachofua mashuka na mataulo ya hoteli za mjini. Alianza pale akiwa msichana wa kukunja foronya, akapanda kwenye pasi, akapanda kwenye mashine, mpaka akakabidhiwa funguo za chumba kizima. Akishaikagua mikono, huuliza, "Pilipili yuko wapi? Na Profesa, umeshakula?"

Profesa ndiye mtoto wake mkubwa, mvulana wa darasa la sita. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mtihani ukipita bila yeye kuwa wa kwanza, basi alikuwa wa pili. Mwalimu akijaza ubao mzima somo la Historia, kesho yake Profesa anautapika wote, nukta kwa nukta, bila kuacha hata mkato. Ukimuuliza kilichomo ndani ya hayo maneno, hiyo ni habari nyingine, lakini nani alimuuliza? Naye jina lilikuwa limemkaa, akawa analitembeza kifua mbele.

Jioni moja mama aliingia ndani na viatu vyake, akakaa kitini, asiitazame mikono. Akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa na kuiweka mezani.

"Kuna nini?" baba akamuuliza. Baba alikuwa seremala, na wakati huo alikuwa akitoa vumbi la mbao masikioni kwa pembe ya kitambaa.

"Kiwanda kimepata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya ameleta meneja mpya," mama akasema. "Sasa kila msimamizi atafanyiwa usaili, Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa Kiingereza. Tutaulizwa habari za uongozi na namna za kusimamia watu. Maneno yenyewe haya hapa."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nakabidhi funguo kwa mtu mwenye vyeti, narudi kwenye meza ya kukunja foronya. Na wale wasichana niliowafundisha kazi ndio watakaokuwa wananiambia nikunje vipi."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama anayesoma tangazo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, cha salamu na cha kusoma maandishi kwenye mashine. Profesa hakuwahi kumwona mama akiogopa kitu, hata siku ile mashine ya kukaushia ilipotoa moshi na wafanyakazi wote wakakimbilia nje. Sasa aliona kidole chake kikiitelezesha ile karatasi huku na huku mezani.

"Niletee mimi, mama," Profesa akasema. "Kiingereza ndicho somo langu. Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo utakuwa unayajua yote kama jina lako."

Mama akamtazama kwa macho ya shukrani, na tusifichane, yale macho yalimpendeza Profesa kuliko sifa zote za shuleni.

Alipoifungua karatasi, hapo ndipo moyo ulipomruka kidogo. Maneno hayakuwa ya darasa la sita. Palikuwa na "autocratic" na "democratic", palikuwa na "coaching" na "hands-off", na kila neno lilikuwa na maelezo yake, nayo kwa Kiingereza kilekile kigumu. Katika kila mstari Profesa aliambulia maneno mawili matatu, mengine yakampita juu ya kichwa. Alitakiwa aseme papo hapo kwamba hayajui. Lakini Pilipili, dada yake mdogo, alikuwa amesimama pembeni ya kiti akimtazama, baba alikuwa anamtazama, na mama alikuwa ameshakunja mikono kama mwanafunzi siku ya kwanza. Profesa akakohoa, akasema, "Haya ni mepesi tu."

Akamfundisha kwa njia pekee aliyoijua. Yeye anasema, mama anafuatisha. Akayapanga maneno yote kwa mpangilio mmoja, akayatia mdundo ili yasipotee njiani: kwanza kiongozi wa "autocratic" na maelezo yake, kisha wa "democratic" na maelezo yake, hivyo hivyo mpaka chini ya karatasi. Mama alijitahidi, si mchezo. Alikariri akiosha vyombo, alikariri akichana nywele za Pilipili, alikariri akiteka maji. Ulimi ukikwama katikati, anarudi mwanzo na kuupandisha tena mlima wote.

"Nyumba hii sasa ina mameneja wawili," baba akasema siku moja akitafuta chumvi. "Mfanyakazi ni mimi peke yangu, na sijui nimeajiriwa kwa mtindo gani."

Hata Pilipili aliyashika. Jioni moja Profesa alimkuta uani anaruka kamba na rafiki zake, kamba ikipiga chini, wao wakiimba "autocratic, democratic" mpaka mwisho wa karatasi bila kukosea. Watoto wa darasa la kwanza. Profesa alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni, asijue kwa nini. Aliingia ndani, hakutaka kuwasikiliza zaidi.

Jambo lililomsumbua lilikuwa maswali ya mama. Mama hakuwa mtu wa kubeba kitu bila kujua kilichomo. "Hili neno 'consult', mwanangu, ndiyo nini?" alimuuliza. Profesa akajibu, "Hilo haliulizwi, mama. Wewe lishike tu." Siku nyingine alirudi kazini akiwa na uso wa furaha kidogo. Alikuwa na mfano.

"Leo yule kijana mpya wa pasi ameunguza shuka," alisema. "Sikumfokea. Nilisimama naye, nikamwonyesha namna ya kupima joto kwenye kitambaa kibovu kabla hajagusa cha mteja. Akajaribu, akakosea, akajaribu tena mpaka akaweza. Sasa nikawa najiuliza, hapo mimi nilikuwa kiongozi wa namna ipi katika haya maneno yetu?"

Profesa hakujua. Aliitazama karatasi, karatasi ikamtazama. Mama alikuwa anasubiri, kijiko mkononi.

"Democratic," akasema. "Hiyo ni democratic kabisa, mama. Wala usiulize mara mbili."

"Democratic," mama akarudia taratibu, akalifurahia. "Kumbe ndiyo mimi huyo." Kesho yake akawaambia wenzake kazini kwamba mwanawe amemweleza yeye ni kiongozi wa namna gani.

Ijumaa ilifika. Shule ilifungwa mapema kwa kikao cha walimu, na mama akamwomba Profesa amsindikize. "Nikikuona nitapata nguvu," alisema. Alikuwa amevaa gauni lake la buluu, na mikono ameipaka mafuta mpaka inang'aa.

Kiwandani, Profesa aliketi kwenye benchi kando ya matoroli yaliyojaa mataulo. Mbele yake palikuwa na chumba cha mikutano, na kwa sababu ya joto la mvuke mlango uliachwa wazi. Aliwaona wasaili wawili mezani. Mmoja alikuwa meneja mwenyewe, kijana mwenye tai. Mwingine alikuwa mwanamke mtu mzima kutoka mojawapo ya zile hoteli, msimamizi wa vyumba vya wageni. Mama aliketi mbele yao, mgongo umenyooka.

Meneja akamwomba aeleze mitindo ya uongozi anayoijua. Lo, mama aliianza kama mashine iliyotiwa umeme. Alishusha maneno yote, moja baada ya jingine, kwa mdundo uleule, bila kukwama popote. Meneja akatingisha kichwa kwa kuridhika. Profesa kwenye benchi alihisi kifua kikimpanuka.

"Vizuri," meneja akasema kwa Kiingereza. "Sasa niambie tu habari ya kiongozi wa coaching. Huyo anafanya nini?"

Mama akafumba macho, akaanza, "Autocratic leader..."

"Hapana, hapana. Coaching tu."

"Ndiyo," mama akajibu kwa Kiingereza chake, akafumba tena macho na kuanza tena mwanzo. Alianzia lile la kwanza, akapita la pili, akikimbia ili alifikie lililoulizwa. Katikati ya njia akaona meneja ameinua mkono, akapoteza mstari. Akaanza tena mwanzo. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Kule nje Profesa alikuwa anachezesha midomo bila sauti, coaching, coaching, mama, ruka hapo, nenda moja kwa moja. Lakini mama hakumtazama. Na hata angemtazama ingesaidia nini, maana yeye mwenyewe, angeulizwa vile, angeanzia palepale. Lilikuwa jambo la kutisha kulijua ukiwa umekaa benchini huna la kufanya.

Yule mwanamke wa hotelini alimhurumia. Akamwambia taratibu aache maneno ya karatasi, atoe mfano wa kazini kwake mwenyewe. Mfano wa uongozi wa democratic, labda.

Uso wa mama ukachangamka. Huo alikuwa nao. Kwa Kiingereza cha kuokoteza, na mikono ikimsaidia, akaeleza habari ya yule kijana wa pasi na lile shuka, mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, wasaili wakatazamana.

"Ni mfano mzuri," mwanamke akasema, "lakini huo siyo democratic. Katika democratic unawauliza wafanyakazi wako maoni kabla ya kuamua."

"Ndiyo democratic," mama akasisitiza, na akatabasamu. "Mwanangu ameniambia. Anajua sana Kiingereza. Yule pale nje."

Wote watatu wakageuka kumtazama Profesa. Alitamani ajitose kwenye toroli, mataulo yamfunike. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni, naye akainamisha kichwa na kuanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Meneja akaweka kalamu chini. Alizungumza kwa Kiswahili sasa, na kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioumiza. Alisema anasikitika. Mwanamke wa hotelini akamnong'oneza kitu, wakajadiliana. Mwishowe meneja akasema, "Mwenzangu anasema tangu wewe uwe msimamizi mashuka ya hoteli yao hayajawahi kurudishwa. Basi njoo Jumatano tukusikilize tena. Baada ya hapo sitakuwa na namna nyingine."

Njiani kurudi nyumbani mama alitembea taratibu. Profesa alijua kwamba ile ndiyo ilikuwa saa ya kusema. Aliufungua mdomo mara kadhaa, na kila mara akaufunga.

"Usijali, mwanangu," mama akasema. "Wewe umefanya kazi yako. Kichwa changu ndicho kigumu. Nadhani nilikusikia vibaya ile habari ya democratic, nikachanganya mambo."

Angemchapa ingekuwa nafuu. Profesa akameza mate, akasema, "Labda, mama." Maneno mawili tu. Usiku huo, kutoka chumba cha pili, alimsikia mama akimwambia baba kwamba akirudi kwenye meza ya foronya si kitu, meza anaijua. Baba hakufanya mzaha wowote.

Mwisho wa wiki ukapita mama akiendelea kukariri, sasa kwa sauti ya mtu aliyechoka. Pilipili akimsaidia pale anaposahau. Profesa hakuweza kukaa humo ndani. Jumatatu asubuhi, wakati wa mapumziko, alijikaza kisabuni akaenda kugonga mlango wa ofisi ya walimu, akamtafuta mwalimu wa Kiingereza, ambaye wanafunzi walimwita Kengele kwa sababu ya sauti yake.

"Mwalimu, nakuomba unifundishe haya maneno," akasema, akamnyooshea karatasi.

Kengele akavaa miwani. "Wewe Profesa mzima? Haya, 'consult' maana yake nini?"

Profesa akaanza kutiririsha ule mstari wote.

"Sikukuomba wimbo," mwalimu akasema. "Nimekuuliza maana. Nieleze kama unamweleza mdogo wako."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, mmoja akigombea zamu yake langoni. Profesa alitazama miguu yake na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Sijui, mwalimu."

"Na haya mengine?"

"Sijui mengi. Nilimwambia mama najua." Kisha akasimulia yote, ya kamba, ya shuka, ya benchi, na ya yale maneno mawili njiani.

Kengele hakumgombeza. Alishusha pumzi, akaanza kuisoma karatasi mstari kwa mstari, akieleza na kuandika pembeni kwa penseli. Alipofika karibu na chini akasimama. "Hili mimi pia silijui," akasema, sauti ileile aliyotumia kwa mengine yote, akanyanyuka kuchukua kamusi kubwa kabatini. Profesa alimwangalia akipekua kurasa. Mwalimu wake mwenyewe, mbele ya mwanafunzi, na wala paa halikuanguka.

"Kamusi hii nakuazima," Kengele akasema kengele ya vipindi ilipolia. "Lakini mimi siwezi kukusaidia jambo kubwa kuliko hili. Mama yako anajiona mjinga kwa kosa lisilo lake. Hilo kamusi haina dawa yake."

Profesa alifika nyumbani mapema, akasubiri. Mama alipoingia na kukaa kukunja nguo za nyumbani, maana hata nyumbani mikono ile haikujua kupumzika, Profesa alisimama mbele yake, kamusi mkononi.

"Mama, hukunisikia vibaya. Mimi ndiye niliyekwambia democratic. Sikujua. Nilibahatisha."

Mikono ya mama ikasimama juu ya shati la baba. "Na yale niliyokuuliza mengine?"

"Sikuyajua pia. Niliposema hayaulizwi, nilikuwa sijui."

Mama akalikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. Profesa alisubiri maneno makali, na hayakuja, akatamani yaje.

"Niliwaambia wenzangu kazini," mama akasema mwishowe. "Nilisimama pale mezani nikawaambia. Wakanipigia makofi." Akaliweka shati juu ya mengine. "Na mimi nimekesha siku hizi nikijiuliza kichwa changu kina nini."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Lakini siyo sasa hivi, bado inaniuma. Leta hiyo kamusi."

Wakaanza upya, safari hii bila mdundo. Kengele alikuwa ameandika maana, na kila maana mama aliitafutia mtu kazini kwake. Msimamizi wa zamani, aliyekuwa anaamua zamu za kila mtu bila kumuuliza yeyote, huyo akawa "autocratic". "Kumbe alikuwa na jina," mama akasema. Siku alipowauliza wote maoni, maana ndiyo hiyo "consult", kabla ya kuamua nani afanye zamu ya sikukuu, hiyo ikawa "democratic". Yule bwana wa stoo anayewaachia kazi na kwenda zake, "hands-off". Na kijana wa pasi na shuka lake akapata makao yake ya kweli, "coaching". Neno ambalo halikupata mtu, waliliweka kando.

Yalikuwa mengi, na Jumatano ilikuwa inakuja. Mpaka Jumanne usiku hawakuwa wamefika hata nusu ya karatasi. Mama aliifunga kamusi, akasema, "Basi. Nitakwenda na haya niliyonayo." Profesa alitaka kumwambia kwamba itatosha. Lakini hakujua kama itatosha, kwa hiyo hakusema.

Jumatano mama hakutaka kusindikizwa. "Wewe una shule," alisema tu. Siku ile Profesa alikaa darasani kama gunia. Aliulizwa swali la Hesabu akajibu jina la mto, wenzake wakacheka mpaka kugonga madawati. Kila alipotazama dirishani aliona kile chumba chenye mlango wazi, na mama akiwa peke yake mbele ya meza ile, na yeye hayupo hata kwenye benchi. Hapakuwa na kitu cha kufanya. Angeweza kuomba msamaha tena mara mia, na bado mama angekuwa anaulizwa maswali muda huohuo.

Jioni alikaa mlangoni. Baba alirudi kabla ya wakati, akajifanya anatafuta msumeno. Pilipili hakuruka kamba. Giza lilikuwa linaanza kuingia walipomwona mama akija, na kwa mwendo wake hawakuweza kujua lolote.

Alivua viatu mlangoni. Akaitazama mikono yake mbele na nyuma. Akasema, "Nipeni maji ya kunywa kwanza."

Akanywa gilasi nzima, wao wamesimama.

"Waliniuliza namna nitakavyofanya mashine ikiharibika na hoteli inasubiri mashuka," akasema. "Nikawajibu hapo sina muda wa kuuliza maoni ya mtu, nitaamua mwenyewe, nikawaambia na jina lake, autocratic. Wakaniuliza habari ya mtu mpya. Nikawapa shuka langu la kuungua, nikasema coaching. Kiingereza kilikuwa kinachechemea, lakini kilifika."

"Halafu?" baba akauliza.

"Halafu meneja akaniuliza swali lenye neno ambalo hata kwenye karatasi halikuwemo. Nikalitazama lile swali. Profesa, nakwambia kweli, ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta kitu cha kubahatisha. Nikakukumbuka ulivyosimama mbele yangu siku ile nikikunja nguo, ukasema hukujua." Akatua gilasi. "Nikawaambia kwa Kiingereza, hilo neno silijui, naomba mnieleze."

Pilipili akamsogelea mama.

"Yule mama wa hotelini akanieleza, mara moja tu. Nikalielewa, nikalijibu swali. Meneja akaandika. Mwisho akaniambia wasimamizi wenzangu walionitangulia wote walijifanya wanalijua neno lile, kila mmoja akapotea na lake. Funguo ninabaki nazo. Ila nitafuatiliwa kwa miezi mitatu, na nitasoma Kiingereza palepale kiwandani kila Jumamosi. Wakiona sisongi mbele, watanitoa. Wamesema wazi."

Baba akakaa chini polepole, msumeno mkononi, akacheka peke yake. Pilipili akamrukia mama kiunoni. Profesa alibaki amesimama palepale. Alikuwa na furaha, lakini ilikuwa furaha iliyochanganyika na aibu, na hakujua aiweke wapi.

Mama akamvuta karibu, akamkalisha.

"Sasa nimekusamehe, na nisikilize vizuri," akasema. "Kutojua siyo kosa. Mimi nimekuwa sijui Kiingereza miaka yangu yote na nimewalea vizuri. Lakini mgeni akikuuliza njia nawe huijui, mwambie hujui, atamuuliza mwingine. Ukimnyooshea kidole tu ili usionekane mjinga, atakwenda mbali sana akiwa na uhakika, na akipotea atajilaumu yeye. Ndivyo ulivyonifanya. Usimfanyie mtu mwingine hivyo, hata siku moja, hata kwa jambo dogo."

"Sitarudia, mama."

"Vizuri. Neno lenyewe waliloniuliza ni 'accountable'. Unalijua?"

Baba alikuwa anamtazama, Pilipili alikuwa anamtazama. Profesa alihisi jibu moja likipanda kooni lenyewe, kwa mazoea, akalirudisha chini.

"Silijui, mama," akasema.

Mama akasogeza kiti chake.

"Ni yule ambaye kazi ikiharibika hamsingizii mtu," akasema. "Anasimama na kusema, ni mimi. Haya, nitolee mfano."